Nani Ashike Ufunguo? Bajeti, Kompyuta na Siri za Watu

Likizo iliyopita nilikwenda kusaidia ofisi moja ya huduma wilayani Kasulu kuandaa bajeti ya mwaka. "Frateri, nyie vijana kompyuta mnaijua," aliniambia mhasibu, akanipa neno la siri la msimamizi wa mfumo. Kazi yangu ilikuwa kupanga gharama za mafuta ya gari tu. Lakini mbele yangu zilifunguka mishahara, madeni ya wafanyakazi, hata orodha ya wagonjwa wanaosaidiwa dawa. Humo nikaona jina la mama ninayemfahamu.

Hakuna kilichoibiwa. Hata hivyo, siri ya mama yule ilikuwa imenifikia bila ridhaa yake.

Msimamizi hufungua akaunti za wengine na kurekebisha mipangilio. Kwa mazoea tunampa ruhusa zote. Hapo tunachanganya mambo mawili: kuutunza mfumo na kusoma yaliyomo. Fundi anayetengeneza kitasa cha sakristia hahitaji kuhesabu sadaka.

Kanisa linalijua jambo hili. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni 487 inaagiza hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, na ufunguo wawe nao Askofu na kansela tu. Kanuni 220 inalinda jina jema na faragha ya mtu. Serikali nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya na za watoto inazihesabu kuwa nyeti.

Kwetu uzito ni mkubwa zaidi. Kambi za Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo, zimepokea watu waliokimbia Kongo na Burundi. Kwa aliyekimbia, jina lake kufika kwa asiyehusika laweza kuwa suala la uhai.

Tufanyeje?

1. Kila mtu apewe ruhusa inayotosha kazi yake, na aingie kwa akaunti yake mwenyewe.
2. Bajeti iwe na jumla, si majina. Majina yakae kwenye faili jingine lililofungwa.
3. Msimamizi anaweza kujiongezea ruhusa. Kwa hiyo mfumo uandike kila anachofanya, na kumbukumbu hizo zikaguliwe na mtu mwingine, naye msimamizi asiweze kuzifuta.
4. Anayeacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Mtauliza: ofisi yetu ina mtu mmoja, nani amkague? Kanuni 537 inataka kila parokia iwe na halmashauri ya uchumi. Mjumbe mmoja anaweza kupitia kumbukumbu kila mwezi.

Huku si kumshuku mtu. Siri ikivuja, msimamizi asiye na ruhusa ya kuiona hawezi kusingiziwa.

Nilimrudishia mhasibu lile neno la siri, akalibadilisha siku hiyo. Nilichokwisha kukiona sikuweza kukirudisha. Kilichobaki ni kukinyamazia.