Maneno ya Taa za Njiani: Istilahi za Mwanga na Haki ya Mlipaji

Miji mingi ya Afrika ya Mashariki yabadili taa zake za njiani. Taa za zebaki na za sodiamu zaondolewa, na mahali pake zawekwa taa za LED, nyingine zikila umeme wa gridi, nyingine umeme wa jua. Kazi hii ni ya mafundi, wala mwanaisimu hana la kuwafundisha juu ya nyaya na nguzo. Lakini kila halmashauri ya manispaa itangazapo jambo hili kwa wananchi hutangaza kwa maneno, na maneno hayo ndiyo nikusudiayo kuyachunguza hapa. Fedha itumikayo ni ya mlipa kodi. Na mtu asiye na neno la kupimia kitu hawezi kuuliza kama amepunjwa.

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya taa. Tuna kibatari na koroboi, taa za bati na utambi za watu wa kawaida. Tuna kandili na fanusi, tulizozipokea kutoka Kiarabu, zikingazo ndimi za moto na upepo. Tuna karabai, itiwayo upepo kwa pampu, ambayo wavuvi wa dagaa waliitumia sana usiku baharini. Baadaye zikaja globu na balbu. Hata nguvu yenyewe tumeipa majina: Tanzania husema umeme, neno lililokuwa kwanza la radi na mawingu, Kenya watu wengi husema stima, neno lililotokana na mvuke wa mitambo. Uganda nako neno letu lilifika kwa njia yake, maana kampuni iliyosambaza umeme huko tangu 2005 hata 2025 iliitwa Umeme.

Msomaji aangalie, hata hivyo, kwamba maneno haya yote hutaja chombo au nguvu. Hakuna hata moja litajalo kipimo. Zamani haikuwa lazima. Mwenye kandili alitia mafuta mwenyewe, akayaona yakishuka, akapunguza utambi. Taa ya manispaa si hivyo. Alipaye haoni mafuta yakipungua, na apunguzaye utambi si yeye. Kwa sababu hiyo vipimo, ambavyo kwa kandili vilikuwa machoni pa mtu, sasa havina budi kukaa katika maneno.

Vipimo vya lazima ni vitatu. Wati ni kile ambacho taa hula. Lumeni ni kile ambacho taa hutoa, yaani jumla ya mwanga utokao. Luksi ni kile kifikacho chini, penye miguu ya mpita njia: lumeni moja ikienea juu ya mita moja ya mraba ni luksi moja. Madukani bado tunanunua taa kwa wati, tukidhani kwamba ilayo zaidi ndiyo iangazayo zaidi. Dhana hiyo ilifaa zamani tulipokuwa na balbu za waya peke yake. Balbu ya waya hutoa lumeni 10 hata 15 hivi kwa kila wati. Taa ya sodiamu ya kanieneo kubwa hutoa kadiri ya 100. Taa nzuri ya LED yaweza kupita 130. Zaidi ya hayo, taa ya sodiamu humwaga mwanga pande zote, na sehemu yake hupotea ndani ya kifuniko chake, ambapo LED huelekeza mwanga upande mmoja. Kwa hiyo taa yenye lumeni chache yaweza kutia luksi za kutosha barabarani. Anayeuliza wati tu amepima chakula cha mtumishi, hakupima kazi yake.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nchi zetu zi karibu na ikweta, na usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Taa huwashwa kama saa kumi na mbili u nusu jioni na kuzimwa kukipambazuka. Tukihesabu saa 12 kila siku tutapata saa 4,380 kwa mwaka. Manispaa yenye taa 1,000 za wati 250 itatumia kilowati-saa 1,095,000. Ikiweka za wati 100 zitoshazo kwa kazi ile ile, itatumia 438,000. Tofauti ni 657,000, kila mwaka. Si ndoto: mji wa Los Angeles, ulioanza mwaka 2009 kubadili taa zaidi ya 140,000, ulipunguza umeme wa taa hizo kwa zaidi ya nusu. Na ikiwa taa zitafifizwa baada ya saa sita usiku, wakati njia ni tupu, akiba huongezeka. Naandika kufifiza makusudi, maana neno limo katika lugha tayari, wala haifai kulikopa jingine.

Sasa tutazame majina ya sera zenyewe. Hapa twakuta kwanza tofauti ya nchi: Tanzania husema nishati, Kenya husema kawi. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na kila moja laeleweka kwao. Lakini hati ya Mombasa ikisomwa Tanga humtatiza msomaji bila faida. Tena kuna ufanisi. Kwa msemaji wa kawaida ufanisi ni kufanikiwa, neema na mafanikio. Ukimwambia kwamba taa ina ufanisi wa nishati, ataelewa kuwa taa imefaulu. Hataelewa kuwa hula kidogo na kutoa kingi. Matumizi bora ya nishati ni maneno yaliyo wazi zaidi, ingawa ni marefu.

Neno linipalo mashaka zaidi ni endelevu. Kwa umbo halina kasoro: endelea huzaa endelevu kama vile potea izaavyo potevu na legea izaavyo legevu. Mnyambuliko huu huonyesha tabia, na tabia itajwayo hapa ni kuendelea. Lakini taa iwakayo usiku kucha, na mchana pia kwa uzembe, nayo yaendelea! Neno latuambia habari ya muda, halituambii habari ya kiasi. Ningependa tulikumbuke neno jingine la umbo lilo hilo, yaani wekevu. Mtu mwekevu ni yule atumiaye kwa kiasi na kuweka akiba, na uwekevu wake husifiwa. Taa wekevu ni taa ambayo hata bibi asiyesoma ataijua maana yake mara moja. Endelevu libaki kwa swali lake halisi, ambalo ni la muda: je, taa hii itawaka baada ya miaka kumi? Swali hilo ni kali hasa kwa taa za jua. Paneli huweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri huchoka mapema zaidi. Na manispaa isiyotenga fedha za betri hubaki na nguzo zenye paneli nzima na giza chini yake.

Habari ya rangi ya mwanga ni mtego wa mfasiri. Wazungu huita mwanga wenye manjano mwanga wa uvuguvugu, na mweupe wenye samawati mwanga wa baridi. Tukifasiri neno kwa neno, mnunuzi atadhani taa ya kwanza yaunguza na ya pili yapoza. Juu ya hayo, kelvini, kipimo cha rangi hiyo, huenda kinyume: mwanga uitwao wa baridi ndio wenye kelvini nyingi. Heri kusema mwanga wa manjano na mwanga mweupe. Jambo hili si dogo. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani kilishauri taa za njiani zisizidi kelvini 3,000, kwa sababu mwanga wenye samawati nyingi huchosha macho na kuvuruga usingizi. Na katika pwani yetu, kama Watamu na Mafia, ambako kasa hutaga, watoto wa kasa hufuata mwanga wakidhani ndio bahari. Taa ikiwaka nyuma yao huwapoteza nchi kavu.

Kadhalika mafundi hutafuta jina la mwanga uumizao macho hata mtu asione, na lugha inalo: kiwi. Taa itiayo kiwi ni taa mbaya hata ikiwa na lumeni elfu ishirini. Wakenya wameziita taa zile za milingoti mirefu mulika mwizi, na jina hilo lafunza: watu wamelitaja tarajio lao, si chombo. Lakini taa itiayo kiwi humpofusha mpita njia, na mwizi aliye kivulini humwona yeye. Tena tuangalie taa za barabarani. Maneno haya hutumika pia kwa taa za kuongozea magari, na kiambishi cha mahali chaonyesha nguzo iliposimama, hakionyeshi nani amulikiwe. Wengi wetu hurudi nyumbani usiku kwa miguu, kwa vichochoro. Nimechagua kusema taa za njiani kwa sababu hiyo: njia ni ya gari na ya mtu.

La mwisho ni la sarufi. Kauli ya kutendeka hutaja hali bila mtendaji. Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya kumuuliza. Umeme umekatika si sawa na umeme umekatwa. Tangazo lisemapo taa zimezimika, msomaji hukubali kama akubalivyo mvua. Likisema zimezimwa, huuliza: na nani, na kwa nini? Hati za zabuni na za matengenezo, ambazo aghalabu huandikwa Kiingereza, zikiwekwa katika Kiswahili hazina budi kuchagua kauli kwa uangalifu: balbu huungua, waya huibwa, deni halikulipwa. Hayo ni mambo matatu, yenye wahusika watatu.

Basi napendekeza wati, lumeni, luksi na kelvini zipokewe kama zilivyo. Wekevu, kufifiza na kiwi zirudishwe kazini. Na endelevu lisitumike pasipotajwa miaka. Wasomaji waliopo mijini, hasa Kisumu, Bukoba, Bujumbura na Lubumbashi, watatusaidia wakituletea maneno yasemwayo na mafundi wa kwao wapandapo ngazi. Istilahi itakayodumu ni ile ambayo mwananchi ataweza kuitumia akisimama katika mkutano wa mtaa wake na kuuliza swali.