Kuchagua Tuisheni kwa Kijana Atakaye Kuwa Daktari

Apitaye Kibera asubuhi, kutoka Makina kwenda Laini Saba, au Kawangware iliyo ng'ambo ya barabara ya Ngong, hakosi kuona karatasi za matangazo zilizobandikwa juu ya mabati na nguzo za stima. Nyingine zauza maji, nyingine zatafuta wapangaji, na nyingine zawaita wazazi wawalete watoto wao tuisheni, wapate alama za kuwaingiza katika masomo ya udaktari. Mama auzaye mboga katika soko la Toi, mwenye binti hodari wa kidato cha nne, akilisoma tangazo la namna hiyo huanza kuhesabu fedha zake. Kabla hajazitoa, yampasa kujua ananunua nini.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba Kenya haina mtihani wa pekee wa kuingia chuo cha udaktari kama ule ufanywao Marekani au Uhindi. Mtu aitangazaye tuisheni yake kuwa ni ya "mtihani wa udaktari" basi auza jina tu. Mlango ni ule ule wa mtihani wa kidato cha nne, yaani KCSE, ulioanza mwaka 1989 na ambao umepangwa kufikia mwisho wake mwaka 2027, mfumo mpya wa elimu ukishika mahali pake. Katika hesabu ya kuwagawa wanafunzi vyuoni hutazamwa masomo manne, kila moja likiwa na pointi 12 kwa wingi wake, jumla 48. Kwa udaktari, Biolojia na Kemia hazina budi kuwamo, pamoja na Hisabati au Fizikia. Katika vyuo vikuu vya serikali waingiao kwa kawaida huwa wamezidi pointi 40, kwa hiyo somo moja likianguka, njia imefungwa. Hata hivyo safari ya siku hizi ni fupi kuliko ya wazee wetu. Chuo cha udaktari cha Nairobi kilianza mwaka 1967 tu. Kabla ya hapo kijana wa Kenya alipanda gari la moshi kwenda Makerere, ambako mafunzo ya uganga wa kisasa yalianza katika miaka ya 1920.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe, maana humo ndimo wazazi wengi hupotezwa. Kemia ina karatasi tatu, na Biolojia vivyo hivyo. Ya kwanza na ya pili ni za kuandika, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya kazi ya mikono, alama 40. Katika hiyo ya Kemia mtahiniwa hupewa bureti, pipeti na chupa za maji asiyoyajua. Hutia asidi katika alkali tone kwa tone mpaka rangi igeuke, husoma kipimo, huandika, hurudia mara ya pili na ya tatu. Jibu lake hulinganishwa na lile alilolipata mwalimu wa kituo siku hiyo hiyo. Ataweza kulikaribia ikiwa mkono wake umezoea kufunga bureti kwa wakati, na jicho lake limezoea kusoma likiwa sawasawa na kimo cha maji. Katika Biolojia hupima wanga kwa iodini, na huchora jani au mfupa aliowekewa mezani. Mambo haya hayakaririwi. Mwanafunzi aliyeimba maelezo yake usiku kucha, lakini hakupata kushika bureti ila mara moja mwaka mzima, huingia chumbani na kutetemeka.

Basi mama yule na aende mwenyewe alikoitwa. Tuseme tuisheni iliyo karibu na nyumba yake Kibera ni chumba cha mabati chenye mabenchi na ubao, na mwalimu wake ni kijana mwenye maneno mazuri.

"Mwalimu, naomba kuiona maabara yenu," mama asema.

"Mama, maabara ni mambo ya shule. Hapa twafundisha kushinda mtihani."

Jibu hilo latosha kumwonyesha kwamba hapo hatanunua zile alama 40. Huenda hata hivyo pakamfaa binti kwa Hisabati, ikiwa mwalimu huyo huzisahihisha kazi za wanafunzi kwa kalamu na kuzirudisha. Aombe kuona daftari la mwanafunzi mmoja. Daftari lisilo na wino mwekundu limesema yote.

Tuseme tena kwamba huko Kawangware yuko mwalimu wa Kemia ambaye, kwa ruhusa ya mwenye shule, hutumia maabara siku za Jumamosi. Ada yake imezidi, na nauli ya matatu iko juu yake. Mzazi atashawishika kuchagua iliyo rahisi. Lakini Jumamosi mbili kwa mwezi penye vifaa zaweza kumfaa binti kuliko jioni ishirini za kunakili maandishi ya ubaoni, na tena hatatembea peke yake usiku. Jioni zilizobaki na azitumie katika maktaba ya taifa iliyo Kibera, na karatasi za mitihani iliyopita mbele yake na saa mezani.

Kuhusu matangazo yenye kuhesabu alama za A, mzazi aulize ni za mwaka gani. Mwaka 2015 waliopata A nchi nzima walizidi 2,500; mwaka 2016, usimamizi ulipokazwa, walikuwa 141 tu. Aidha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya likizo, ikaweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kwa hiyo si busara kulipa fedha za miezi mingi kwa mkupuo. Mlango waweza kufungwa na mwenyewe asionekane. Alipe kidogo kidogo, adai risiti.

Na akitokea mtu, hata awe mwalimu, anong'onezaye kwamba atauza karatasi ya mtihani kabla ya siku yake, akimbiwe. Mara nyingi auzacho ni bandia, na kikiwa cha kweli ni balaa kubwa zaidi: mwaka 2015 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000.

Wako pia waliokwisha kufanya mtihani wakakosa pointi chache. Hao waweza kurudia wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, kwa ada yao wenyewe. Lakini kwa kuwa mtihani huu unakaribia mwisho, nafasi si nyingi. Usajili kwa kawaida hufanywa katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na kabla ya kujiandikisha yafaa mtu akitembelee kituo anachokitaka aone kama kina maabara, kwa maana hapo ndipo atakapoifanyia ile karatasi ya tatu.