Okidi za Nyanda za Juu Kusini na biashara ya chikanda

Okidi nyingi za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hazining'inii kwenye matawi ya miti. Huota ardhini, katikati ya nyasi, na uhai wake wote umefungwa kwenye kiazi kidogo kilichofukiwa chini kidogo ya uso wa udongo. Kiangazi kinapoingia, majani na shina hukauka, na mara nyingi moto hupita juu ya nyasi. Kiazi hubaki salama chini, kikisubiri mvua. Mvua ikinyesha, chipukizi hutoka, na baadaye ua: jeupe, la waridi, la njano au la rangi ya chungwa, kutegemea aina. Kiazi hichohicho ndicho kinachozihatarisha okidi hizi, kwa sababu kinaliwa.

Walaji wakubwa wako Zambia, hasa mikoa ya kaskazini, ambako viazi vya okidi hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Viazi husafishwa, hukaushwa na kutwangwa hadi viwe unga. Unga huo huchanganywa na karanga zilizosagwa, chumvi na pilipili, kisha hutiwa kwenye maji yanayochemka yenye magadi au soda ya kuokea na kusongwa mpaka uwe mzito. Wapishi wengine humalizia kwa kuweka makaa juu ya kifuniko cha sufuria ili upande wa juu nao uive. Kikipoa, chakula hushikamana na kukatika vipande kama soseji nene, ndiyo maana wengi hukifananisha na nyama ingawa hakina nyama ndani yake. Viazi vya okidi vina wanga na nyuzinyuzi laini zinazovuta maji mengi na kufanya ute, na ute huo ndio unaoushikamanisha mchanganyiko. Protini hutoka zaidi kwenye karanga.

Zamani chikanda kilikuwa chakula cha vijijini, na viazi vilichimbwa jirani. Kilipohamia mijini, kikauzwa sokoni na hata kuingia kwenye maduka makubwa na mahoteli, mahitaji yalizidi uwezo wa mbuga za Zambia. Wafanyabiashara wakageukia nchi jirani: Malawi, Kongo na, zaidi ya zote, Tanzania, ambako magunia ya viazi husafirishwa kutoka Makete, Rungwe na uwanda wa Ufipa kuelekea mpakani Tunduma. Watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha mwaka 2003 makadirio kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kwenda Zambia, na kwamba aina zipatazo 85 za okidi zilikuwa hatarini kwa sababu ya biashara hiyo.

Uzito wa takwimu hiyo unaonekana pale mmea unapong'olewa na kutazamwa kwa karibu. Chini ya shina la okidi hizi kwa kawaida kuna viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka jana: kimesinyaa, kimekuwa laini na rangi yake imefifia, kwa sababu akiba yake imetumika kukuza majani na ua la msimu huu. Cha pili ni kipya, kigumu na kimejaa, na ndicho kitakachochipua mwaka ujao. Mchimbaji hana haja na kile kilichosinyaa, huchukua kile kipya. Kilichosinyaa hata kikirudishwa udongoni, hakina tena nguvu ya kuanzisha mmea. Kwa hiyo kila kiazi kinachofika sokoni ni takriban mmea mmoja uliokufa, tofauti kabisa na kuchuma matunda au mboga za majani, ambazo mti au shina hubaki.

Mtu anaweza kudhani mbegu zitafidia, maana tunda moja la okidi hubeba maelfu kwa maelfu ya mbegu. Lakini mbegu hizo ni ndogo mithili ya vumbi, na udogo huo una gharama yake. Punje ya mahindi au ya maharage hubeba chakula cha kuulisha mche hadi utoe majani, ilhali mbegu ya okidi karibu haibebi chochote. Ili iote, sharti ivamiwe na kuvu wa aina fulani waishio udongoni, ambao nyuzi zao huipelekea sukari na madini. Jambo hilo liligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899, na mpaka leo linawasumbua wengi wanaojaribu kuotesha okidi za ardhini. Mbegu ikianguka pasipo na kuvu wake, huoza tu. Ikibahatika, mche hukaa udongoni kwa muda mrefu ukiwa uvimbe mdogo usio na majani, na huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Pale ambapo jembe hupita kila msimu, kizazi kipya hakipati nafasi ya kukomaa.

Wachimbaji wenyewe si matajiri. Utafiti wa Joyce Challe na Lisa Price, uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wilaya ya Makete, ulihusisha uchimbaji wa okidi na janga la Ukimwi, lililoipiga wilaya hiyo vibaya. Kaya zilizopoteza watu wa kulima zilizidi kutegemea vitu vya porini, na kuchimba viazi vya okidi kulizipatia fedha bila kuhitaji shamba wala mtaji. Faida kubwa huishia mbali zaidi, kwa wanaonunua kwa magunia na kusafirisha. Kumkamata mama mwenye ndoo moja huku lori likipita mpakani ni njia ya uhifadhi isiyo na tija, licha ya kwamba ndiyo iliyo rahisi kuliko zote.

Hatua kubwa zaidi iliyochukuliwa na Tanzania ni kutenga Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na uwanda wake uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Inatajwa kuwa hifadhi ya kwanza katika ukanda wa tropiki wa Afrika kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini, na maua hushamiri kati ya Desemba na Aprili.

Hata hivyo, mpaka wa hifadhi haulindi okidi zilizo nje yake, na nyingi ziko nje. Mbuga za milimani zinazidi kugeuzwa mashamba ya viazi mviringo na pareto, au kupandwa misonobari. Mbuga ikishalimwa, udongo hupinduliwa na jamii ya kuvu hubadilika, kiasi kwamba ni vigumu okidi kurudi hata eneo likiachwa lipumzike.

Okidi zote duniani zimo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na nyingi, hizi za viazi zikiwemo, ziko katika Kiambatisho cha Pili: kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Tatizo ni kwamba kiazi kilichokauka hakina ua wala jani la kukitambulisha, na unga ndio kabisa. Hapo ndipo vipimo vya vinasaba vilipoingia. Mtafiti Sarina Veldman na wenzake walichunguza viazi vya chikanda kwa njia hiyo na kukuta aina ambazo hazikutarajiwa kabisa kuwemo. Inaonekana aina zinazopendwa zikiadimika, wachimbaji huhamia kwa zisizopendwa sana.

Kilimo ndicho ambacho kingepunguza shinikizo, lakini bado hakijafika mbali. Mbegu huoteshwa maabara zikiwa pamoja na kuvu waliotolewa kwenye mizizi ya mmea wa aina hiyohiyo, kisha miche huhamishiwa udongoni, na hapo mingi hufa. Mkulima anayesubiri miaka kadhaa kupata kiazi kimoja kwa kila mmea hawezi kushindana na bei ya kiazi kilichochimbwa porini bure. Kwa sasa kinachowezekana ni cha kawaida zaidi: vijiji kuacha baadhi ya mbuga zipumzike kwa misimu kadhaa, mimea iliyochanua iachwe hadi matunda yapasuke, na ukaguzi uelekezwe kwa wanunuzi wa magunia.