Usikibandue: Sarafu ya bitcoin kwenye begi la marehemu

Arobaini ilikuwa imepita tulipokaa sebuleni kwa dada yangu kufungua begi la marehemu mumewe. Shemeji alifanya kazi Marekani kwa miaka mingi, na mizigo yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Tukatoa nguo, viatu, saa mbili na picha za watoto. Chini kabisa, ndani ya soksi, tukakuta sarafu ya rangi ya dhahabu yenye herufi B iliyokatwa vistari juu na chini, mfano wa alama ya dola.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 17, aliitambua papo hapo.

"Mama, hii ni bitcoin! Moja tu ina mamilioni!"

Kabla dada hajajibu, baba mdogo wa watoto alinyoosha mkono. "Ilete hapa. Hiyo ni mali ya marehemu kaka, nitaitunza mimi mpaka tugawane."

Dada alikataa. Maneno yakapanda, chai ikapoa vikombeni. Watu wawili waliomuuguza na kumzika ndugu yao kwa ushirikiano waliachana usiku ule bila kuagana.

Ilituchukua siku tatu kujua kwamba sarafu ile ni pambo tu, kama yale yanayouzwa mtandaoni kwa bei ya sahani ya chipsi. Haikuwa na bitcoin wala nusu bitcoin. Lakini katika kuulizauliza nilijifunza kwamba zipo nyingine, zinazofanana nayo kwa mbali, ambazo kweli zina fedha ndani yake. Hizo zinauzwa kwenye minada ya mtandaoni huko Marekani kwa bei ya kujengea ghorofa. Nilipoelewa zinavyofanya kazi niliingiwa na hofu. Kama ile ingekuwa ya kweli, mpwa wangu angekuwa ameshaiharibu kwa kucha zake kabla sisi hatujamaliza kugombana.

Fedha isiyoshikika yawekwa mkononi

Bitcoin ilianza Januari 2009. Haina noti wala sarafu. Kilichopo ni daftari la hesabu la pamoja mtandaoni, linaloonyesha kila anwani ina kiasi gani, bila kutaja jina la mwenyewe. Anayemiliki fedha ni yule mwenye ufunguo wa siri wa anwani hiyo, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu. Anayeupata anaweza kuhamisha kila kitu. Anayeupoteza hana benki ya kwenda kulalamika.

Mwaka 2011 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Mike Caldwell, alianza kutengeneza sarafu za chuma alizoziita Casascius. Jina hilo alilitoa kwenye usemi wa Kiingereza wenye maana ya kukiita kitu kwa jina lake bila kuficha. Katika kila sarafu aliweka kipande cha karatasi chenye ufunguo wa siri, kisha akakifunika kwa kibandiko kinachong'aa rangi nyingi. Upande wa nje zilionekana herufi 8 za mwanzo za anwani. Kwa herufi hizo mtu huipata anwani nzima na kuangalia kwenye lile daftari la mtandaoni kama fedha bado zipo, bila kugusa kibandiko.

Ukikibandua, kinaacha alama kama masega ya nyuki. Hapo kila mtu atajua kwamba siri imeshaonekana.

Zilikuwepo za bitcoin 1, 5, 10, 25, hadi 1,000. Mwishoni mwa 2011 bitcoin moja ilikuwa ya dola chache tu, kwa hiyo wapo walionunua sarafu hizi kama zawadi au kichekesho wakazitupia kwenye droo. Desemba 2024 bitcoin moja ilivuka dola 100,000. Zile droo zikageuka kuwa hazina, na baadhi ya wenye droo walikuwa wameshafariki.

Novemba 2013 Caldwell aliacha kuuza sarafu zenye fedha ndani, baada ya taasisi ya Hazina ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa fedha kumwandikia kwamba kazi yake inahesabika kuwa biashara ya kusafirisha fedha. Tangu hapo haziongezeki. Kila mwenye nayo anapobandua, zilizo nzima zinapungua.

Kwa nini mnada

Sarafu iliyo nzima ina thamani mbili. Ya kwanza ni bitcoin zilizomo, ambazo bei yake inajulikana kila saa. Ya pili ni uadimu wake. Kwa mfano, kwenye toleo la kwanza la 2011 kibandiko kilikosewa, jina likaandikwa "Casacius", herufi S moja ikaachwa. Wakusanyaji wanalipenda kosa hilo na wako tayari kulilipia. Uadimu hauna bei ya dukani. Bei yake hupatikana pale watu wawili wanapokitaka kitu kimoja, ndiyo maana sarafu hizi hupelekwa mnadani.

Kabla ya mnada, muuzaji makini huipeleka sarafu kwa kampuni za kupima sarafu kama ANACS au PCGS. Wao huichunguza kama ni ya kweli, huipa daraja kulingana na hali yake, na kuifungia kwenye kasha gumu la plastiki linaloonyesha pande zote mbili. Kisha nyumba ya mnada hupiga picha, hutangaza mtandaoni, na watu huweka dau kwa siku kadhaa. Anayeshinda hulipa dau lake pamoja na ada ya mnada.

Novemba 2021 sarafu moja ya Casascius yenye bitcoin 25 iliuzwa hivyo na GreatCollections, nyumba ya mnada ya California, kwa zaidi ya dola milioni 1.6. Usidhani yote hiyo ni bei ya uadimu. Mwezi huo bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000, kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ni fedha zilizokuwa ndani.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Bei ya bitcoin hupanda na kushuka wakati mnada unaendelea. Dau lililoonekana kubwa Jumatatu linaweza kuwa dogo kuliko fedha zilizomo ifikapo Ijumaa. Muuzaji asiyeweka bei ya chini ya kuuzia anaweza kujikuta ametoa noti ya elfu kumi kwa elfu nane.

Mitego iliyopo

Mtego wa kwanza ndio uliotunasa sisi. Pambo halina kibandiko chenye ufunguo wala anwani. Mtu akikuambia sarafu ya namna hiyo "ina bitcoin ndani", mwambie akuonyeshe anwani. Akishindwa, mazungumzo yaishie hapo.

Wa pili ni sarafu ya kweli iliyokwishatolewa fedha. Wakusanyaji bado huzinunua kama kumbukumbu, lakini kwa bei ndogo zaidi. Anwani ndiyo itakayosema ukweli, kuliko mng'ao wa sarafu.

Wa tatu ni kibandiko chenyewe. Agosti 2013, kwenye mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta wa DEF CON huko Las Vegas, ilionyeshwa kwamba kibandiko cha Casascius kinaweza kuinuliwa kwa kupenyeza kimiminika kwa sindano, kisha kikarudishwa bila alama ya wazi. Kwa hiyo kibandiko kizima peke yake si ushahidi wa kutosha kwamba hakuna aliyeusoma ufunguo. Mnunuzi huuliza pia sarafu imepita mikononi mwa nani na nani.

Wa nne ni mtengenezaji. Anayetengeneza ufunguo anaweza kubaki na nakala. Caldwell alieleza kwamba hakuhifadhi nakala, na wanunuzi walimwamini kwa neno lake. Leo mtu usiyemjua akikuuzia sarafu mpya "yenye fedha ndani", jua kwamba unamkabidhi uaminifu wako wote, maana anaweza kuzihamisha fedha hizo siku yoyote akiwa kwake.

Wa tano ni mdomo wetu. Picha ya sarafu kwenye kundi la WhatsApp la familia huwafikia majirani kabla ya jua kuzama. Na atakayekuja kukwambia "nitumie ada kidogo nikusaidie kutoa fedha" ni tapeli. Sarafu hizi hazina ada ya kufungulia.

Kubandua au kuuza nzima?

Tuseme familia imeikuta iliyo ya kweli na fedha zimo. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kubandua, kuingiza ufunguo kwenye programu inayouelewa, na kuzihamishia bitcoin kwenye anwani ya familia siku hiyohiyo. Ni njia ya haraka, lakini thamani ya uadimu inapotea na hairudi. Pia, yeyote aliyesimama nyuma yako wakati unasoma ufunguo ameshakuwa mmiliki mwenzako. Akipiga picha kwa simu, amemaliza kazi.

Ya pili ni kuiuza nzima mnadani. Inataka subira, gharama za kupima, bima ya kusafirisha na nyumba ya mnada yenye jina. Fedha zikipatikana, hupatikana kwa maandishi, kila mrithi akaona kiasi.

Kwa familia yenye warithi wengi, naona njia hii ya pili inapunguza manung'uniko, kwa sababu hakuna anayebaki peke yake chumbani na siri. Uamuzi ni wa wote, na usifanywe wiki ya msiba.

Sheria nazo zisisahaulike. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari Novemba 2019 kuhusu sarafu za kidijitali, na mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya nayo ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali hizo mwaka 2025. Kabla ya kuuza, msimamizi wa mirathi aiandike sarafu kwenye orodha ya mali kama anavyoandika kiwanja, kisha amwone wakili.

Daftari la nyumbani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huhitaji kuwa na bitcoin ili msemo huu ukuhusu. Mume ana akaunti ambayo mke hajui. Mama ana hisa, karatasi iko chini ya godoro. Baba amemkopesha rafiki, ushahidi uko kichwani mwake.

Kwa mwenye sarafu ya aina hii, kinachotakiwa ni mistari michache: ni kitu gani, kimewekwa wapi, zile herufi 8 za nje, ilinunuliwa lini na kwa nani, na onyo kwa herufi kubwa: KIBANDIKO KISIGUSWE. Ufunguo wenyewe usiandikwe popote, kwani umeshaandikwa chini ya kibandiko. Daftari lijulikane na watu wawili angalau, mmoja akiwa mwenzi wako wa ndoa.

Siku ya nne baba mdogo alirudi kwa dada, safari hii akiwa na mkungu wa ndizi. Aliketi, akaomba radhi, naye dada akaomba radhi. Ile sarafu ya pambo iko kwenye kabati la vyombo, karibu na vikombe vya wageni. Dada alikuwa ameshanunua daftari, ameanza kuorodhesha vitu vyake mwenyewe: kiwanja, cherehani mbili, mchezo wa upatu anaodai.

"Na wewe shemeji," alimuuliza bila kuinua macho, "vya kwako mkeo anavijua?"

Baba mdogo alicheka. Kisha akanyamaza, akaomba apasuliwe karatasi moja.