Msomaji, Tangazo na Uhai wa Gazeti la Kiswahili nchini Kenya

Gazeti ni bidhaa ya namna ya pekee, kwani huuzwa mara mbili. Kwanza huuzwa kwa msomaji, ambaye hutoa fedha zake akapewa karatasi yenye habari. Kisha msomaji huyo mwenyewe huuzwa: wasomaji huhesabiwa, hupangwa kwa mapato na makazi yao, na kupelekwa kwa mfanyabiashara anayetaka kutangaza sabuni, benki au gari. Bei anayolipa msomaji aghalabu haitoshi kulipia karatasi, wino, mishahara na usafirishaji. Pengo hilo hujazwa na malipo ya matangazo. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba gazeti lenye wasomaji wengi ndilo lenye maisha marefu huwa ametazama mauzo ya kwanza tu, akasahau ya pili.

Mfano ulio mashuhuri watoka Uingereza. Daily Herald, gazeti lililosimama upande wa wafanyakazi, lilikuwa likiuza nakala milioni 2 kwa siku mwaka wa 1933. Lilipofikia mwisho wake mwaka wa 1964 lilikuwa bado likiuza zaidi ya nakala milioni moja kila siku, yaani mara kadhaa ya mauzo ya The Times. Gazeti hilo la mabwana liliishi; lile la makuli na mafundi likafa. Halikukosa wasomaji, bali wasomaji wake walikuwa watu wa kipato kidogo, na wafanyabiashara hawakuona sababu ya kulipa bei kubwa ili kuwafikia.

Yaliyotukia huko yana mnasaba wa karibu na yaliyoyapata magazeti ya Kiswahili nchini Kenya, ila hapa kigezo kilichowatenga wasomaji hakikuwa tabaka peke yake, bali tabaka lililovikwa lugha. Baraza lilianzishwa mwaka wa 1939 na kampuni ya East African Standard, likitoka mara moja kwa juma, na katika miaka yake ya mwanzo likahaririwa na Francis Khamisi. Lilidumu miaka 40. Mwaka wa 1979 lilifungwa, na kampuni iliyolimiliki ikaendelea na gazeti lake la Kiingereza. Tarehe hii yafaa itazamwe kwa makini. Miaka mitano tu kabla yake, mwezi wa Julai 1974, Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameamuru Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge. Wengi waliliona agizo lile kuwa mapambazuko ya lugha hii. Yawezekanaje basi gazeti kongwe la Kiswahili lizimike wakati lugha yenyewe inapandishwa cheo?

Jibu limo katika tofauti kati ya heshima ya lugha na kazi ya lugha. Agizo la 1974 liliwapa wabunge ruhusa ya kusema Kiswahili, lakini miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Ofisi za serikali, mabenki, mahakama kuu, vyuo na kampuni ziliendelea na Kiingereza vilevile. Matangazo hufuata mkondo huo huo. Tangazo la nafasi ya kazi huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu kazi yenyewe hufanywa kwa Kiingereza. Tangazo la zabuni huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu mkataba utaandikwa kwa Kiingereza. Na hivyo hivyo kwa mnada wa kiwanja, chuo kinachotafuta wanafunzi na kampuni inayotoa taarifa ya hesabu zake za mwaka. Hayo ndiyo matangazo yaliyojaza kurasa za magazeti ya Kenya kwa miongo mingi. Hakuna mkutano uliofanywa ili kulinyima gazeti la Kiswahili riziki yake. Lilinyimwa na sera ya lugha, kwa mkono wa soko. Hata leo si ajabu kukuta tangazo la Kiingereza ndani ya gazeti la Kiswahili, kana kwamba mwenye tangazo amekubali kuingia nyumbani lakini hataki kusalimiana na wenyeji.

Hesabu ya nakala nayo humdhulumu msomaji wa Kiswahili. Nakala moja hupita mikononi mwa watu wengi: kwa kinyozi, hotelini, kwenye kituo cha matatu, na pengine husomewa kwa sauti wasiojua kusoma. Kwa mtaalamu wa lugha hawa wote ni hadhira. Kwa mwenye tangazo, mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi ili asome gazeti la bure hatarajiwi kununua friji.

Wapo watakaosema kwamba ilivyo ni tabia ya Kiswahili chenyewe kutouza matangazo ya thamani. Dai hilo huvunjwa na nyumba moja ya magazeti yenye matawi pande zote mbili za mpaka. Nchini Kenya nyumba hiyo ilianza kwa Kiswahili. Taifa lilianzishwa na Charles Hayes mwaka wa 1958, likanunuliwa na Aga Khan mwaka wa 1959, na Taifa Leo likaanza kutoka kila siku mwaka wa 1960, miezi kadhaa kabla ya Daily Nation kuzaliwa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Gazeti la Kiswahili ndilo lililokuwa kifungua mimba. Hata hivyo mdogo wake alikua haraka, akawa ndiye mlishi wa nyumba, na yule mkubwa akabaki kuwa mtu wa kukaribishwa mezani. Nchini Tanzania mambo yakawa kinyume. Mwananchi lilianza mwaka wa 2000, likaingia katika milki ya Nation Media Group mwanzoni mwa muongo huo, na The Citizen la Kiingereza likafuata mwaka wa 2004. Huko gazeti la Kiswahili ndilo lililobaki kuwa nguzo, na mabenki na kampuni za simu hununua humo kurasa nzima kwa Kiswahili. Mwanaspoti, lililoanza mwaka wa 2001, huishi kwa habari za michezo peke yake. Mmiliki ni yule yule, na lugha ni ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka wa 1967 na kuwasomesha watoto wote wa shule za msingi za umma kwa lugha hiyo, ingawa hata huko shule za sekondari na vyuo havijaachana na Kiingereza. Mtu mwenye fedha nchini Tanzania husoma Kiswahili. Mfanyabiashara amfuate wapi pengine?

Athari ya uchumi huu katika lugha yenyewe ndiyo inayopasa kuwashughulisha wanaisimu kuliko zote, nayo bado haijachunguzwa inavyostahili. Gazeti lenye mapato madogo haliwezi kuwa na waandishi wake katika kila wilaya. Litategemea habari zilizokusanywa na gazeti ndugu la Kiingereza, pamoja na taarifa za mashirika ya habari na za ofisi za wakubwa, ambazo nazo huandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili hugeuka kuwa mfasiri wa saa za jioni, akiwa na habari tatu mbele yake na mtambo wa chapa ukimngoja. Hapo ndipo huzaliwa "mwisho wa siku" isiyohusu machweo ya jua, na "kufuatia kifo cha fulani" pasipo mtu yeyote anayemfuata mwenziwe. Kitenzi "kupelekea" hulazimishwa kubeba maana ya kusababisha, hali ambayo lugha ina "kuleta", "kufanya" na "kusababisha" yenyewe. Sentensi huanza na jina refu la cheo, hufuatwa na vishazi vitatu vya maelezo, na kitenzi kikuu humfikia msomaji akiwa amekwisha choka.

Ni desturi kuwalaumu waandishi kwa makosa haya na kuwaita wavivu. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Mfasiri aliyepewa nusu saa atatafsiri neno kwa neno, hata angekuwa mjuzi wa kiasi gani. Haki hata hivyo hudai isemwe pia kwamba "kupelekea" na "mwisho wa siku" zimeenea Tanzania, ambako habari nyingi hukusanywa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kwa hiyo umaskini wa chumba cha habari si sababu pekee. Anayetaka kuipima sababu hiyo vizuri angelinganisha, katika gazeti moja na siku moja, habari za Bunge zilizotafsiriwa na habari za mpira au za mahakama ndogo zilizoandikwa na mtu aliyekuwapo. Kwa kawaida hizi za pili husomeka kwa wepesi zaidi: watu husema humo kwa vinywa vyao, na mafumbo na mizaha ya mitaani hupata nafasi.

Taifa Leo halikufa kama Baraza, na sababu zake zafaa zitajwe. Kubebwa na gazeti ndugu ni mojawapo, kwani mtambo, malori na mawakala ni yale yale. Nyingine ni shule. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, na kwa pigo moja pakatokea hadhira ambayo gazeti la Kiswahili halijapata kuwa nayo: walimu na wanafunzi wanaohitaji mazoezi, insha za mfano na uchambuzi wa vitabu teule. Msomaji huyu hanunui gari, lakini hununua gazeti, na wachapishaji wa vitabu humtafuta. Na upo ukurasa wa mashairi, desturi iliyorithiwa tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka wa 1923 na ambalo Shaaban Robert aliandikia. Malenga hutuma tungo zao, hujibizana, huulizana mafumbo, na kila anayechapishwa hununua nakala, akawanunulia na jamaa zake. Mhasibu hawezi kuupinga ukurasa wa namna hiyo. Ni mahali pachache sana ambapo fasihi imejilipia nauli ndani ya gazeti.

Njia ya kutegemea mkono wa wenye mamlaka ilijaribiwa pia. Kenya Leo lilianzishwa mwaka wa 1983 pamoja na Kenya Times chini ya chama cha KANU. Magazeti hayo yote mawili hayapo leo. Kenya Times lenyewe lilikoma mwaka wa 2010, chama hicho kikiwa kimekwisha ng'olewa madarakani mwaka wa 2002. Magazeti ya watu binafsi nayo hayajaepukana na mkono huo, kwa kuwa serikali ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa matangazo. Mwaka wa 2015 serikali ya Kenya iliunda wakala mmoja wa kununua matangazo yake yote, na mwandishi anayeichunguza wizara akawa anamchunguza mteja wa mwajiri wake.

Redio huonyesha sura tofauti. Mtu yule yule ambaye gazeti halikuweza kumwuza, redio humwuza kila asubuhi. Bidhaa zinazotangazwa hapo ni unga, mafuta ya kupikia, dawa ya meno na salio la simu, vitu ambavyo kila nyumba hununua, nazo hutangazwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachosikika kutoka Mombasa hadi Busia. Lakini humo nako ushindani una meno. Mwaka wa 2016 Nation Media Group ilitangaza kuifunga QFM, idhaa yake ya Kiswahili, pamoja na Nation FM ya Kiingereza, na televisheni yake ya Kiswahili, QTV, ikaunganishwa na NTV. Zilizobaki hewani hutumia saa nyingi zaidi kwa mizaha, muziki na mazungumzo ya ndoa kuliko kwa habari, kwa sababu mzaha hauhitaji mtu wa kutumwa Turkana.

Kando ya soko hili wamekuwapo washindani wasiohitaji tangazo hata moja. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka wa 1957, na Deutsche Welle mwaka wa 1963, kwa fedha za umma wa nchi zao. Wasikilizaji wa Afrika ya Mashariki walizizoea idhaa hizi kiasi cha kuzihesabu kuwa zao, na waandishi wengi wa Kiswahili walijifunzia kazi humo. Sauti ya Amerika ilikuwa katika kundi hilo hilo hadi mwezi wa Machi 2025, ilipokatizwa kwa amri iliyotolewa Washington, na wasikilizaji wake wa Kiswahili, ambao hawakuwahi kuuzwa kwa mtu yeyote, hawakuulizwa neno.