Sura ya 6: Kabla ya Kuilaumu Bahari

Kisima cha gorofa la Kariakoo kikianza kutoa maji ya chumvi, lawama huangukia bahari, na ushauri unaofuata ni ule ule: chimba chini zaidi, funga pampu kubwa zaidi. Ushauri huo mara nyingi huharakisha maradhi. Bahari ipo na haihami, lakini siku ambayo chumvi itafika kisimani huamuliwa kwa sehemu kubwa na kazi inayofanywa shimo likishachimbwa: chujio limekaa kina gani, kokoto zimejazwa vipi, saruji imeziba wapi, pampu inavuta kwa kasi gani. Kwa bahati mbaya bei hupatanwa kwa mita zilizochimbwa, kwa hiyo fundi halipwi chochote cha ziada kwa kuifanya kazi hiyo vizuri.

Chini ya katikati ya Dar es Salaam mchanga umepishana na tabaka za mfinyanzi. Maji ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yake, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walikokotoa kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ikigeuzwa inatisha. Ukiyashusha maji kwa nusu mita na kuyaacha hapo, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda mita 20. Anayeongeza kina ili apate maji mengi huenda anaifuata chumvi kwa gharama yake mwenyewe. Ni kweli kwamba tabaka la chini lililofunikwa vizuri na mfinyanzi linaweza kuwa na maji mazuri, na visima vya Kimbiji kule Kigamboni vinakwenda mamia ya mita. Lakini mfinyanzi ukishatobolewa lazima uzibwe kwa saruji kuzunguka bomba. Usipozibwa, maji ya tabaka moja yanapata njia ya kwenda tabaka jingine usiku kucha, pampu ikiwa imezimwa.

Litazame chujio lenyewe. Wapo mafundi wanaochukua bomba la kawaida la plastiki na kulichana kwa msumeno wa chuma, mpasuo mmoja mwembamba, mwingine unapitisha mchanga, kisha wanalishusha kuanzia juu hadi chini bila kujali limepita tabaka gani. Maji machafu ya vyoo vya mashimo yanaingilia juu, chumvi inaingilia chini. Chujio fupi lenye nyufa zinazolingana, likiwa mbele ya mchanga wenye maji matamu tu na kuzungukwa na kokoto zilizochekechwa, hutoa maji machache kwa saa lakini kwa miaka mingi zaidi. Kasi nayo ina hesabu yake: lita 20,000 zikivutwa kwa saa 4 ni lita 5,000 kwa saa, zikivutwa kwa saa 20 ni 1,000 tu, na maji ndani ya kisima hushuka takriban moja ya tano tu ya mshuko wa awali.

Wachimba mafuta waliligundua jambo hili kwa gharama kubwa. Katika eneo la mafuta la Troll, baharini Norwe, mafuta yalikuwa tabaka la mita zisizofika 30, gesi juu, maji chini. Kisima cha wima kingevuta gesi au maji mapema, hivyo walilaza bomba ndani ya tabaka ili mvuto usambae. Hata hivyo msuguano ndani ya bomba refu ulifanya sehemu ya mwanzo, karibu na linapopinda, ivute kwa nguvu kuliko ncha, na gesi au maji vikatishia kuingilia hapo. Miaka ya 1990 kampuni ya Norsk Hydro ilifunga kando ya chujio vifaa vyenye njia nyembamba za kubana mtiririko, bomba zima likavuta karibu sawasawa. Mwamba haukubadilika, ulibadilika umaliziaji.

Kariakoo hakuna nafasi ya kulaza bomba chini ya kiwanja cha jirani, lakini kanuni ya kuvuta taratibu inafaa. Mwenye gorofa atasema umeme hukatika, kwa hiyo simtanki lazima lijae upesi. Ana hoja, lakini jawabu ni tangi kubwa zaidi na pampu ndogo inayojiwasha yenyewe, si pampu kubwa. Mwingine atasema maji hayo ni ya vyoo tu, chumvi haina neno. Mabomba na vali zake hayatakubaliana naye. Pingamizi zito zaidi ni kwamba visima kumi vizuri katika mtaa mmoja bado vinaweza kuvuta kupita kiasi. Hapo ndipo vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya sheria ya 2009, vinapohitajika, vikitaja lita kwa siku na kasi ya kuvuta. Nyumba za zamani zinapobomolewa kupisha magorofa, visima vyake vijazwe saruji kuanzia chini hadi juu, maana kisima kilichofunikwa kwa zege la sakafu tu kinaendelea kuunganisha tabaka ambazo kisima kipya kando yake kimelipiwa kuzitenganisha.