Gita Linapokwaruza Baada ya Kubadilishwa Nyuzi

Siku mbili kabla ya arusi, kikundi chetu cha taarabu kilibadilisha nyuzi za gita la umeme. Tulitoa seti ambayo uzi wake mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.010, tukatia ya 0.009 ili vidole vya mpigaji wetu vipate nafuu. Kumbe tulijitafutia balaa: kila alipopiga karibu na kichwa cha gita, nyuzi zilikwaruza. Nusura tuzilaumu na kuzitupa.

Ila ilikuwa ya shingo. Nyuzi za awali huivuta kwa nguvu ya kilo 46 hivi. Hizi nyembamba, kilo 38 tu. Mvuto ukipungua, chuma kilichopita ndani ya shingo huirudisha nyuma, na nyuzi hugusa vile vyuma vyembamba vilivyokingama juu yake.

Tulipima hivi. Tulizitia nyuzi sauti zake kamili, tukaubana uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho, tukatazama chuma cha saba. Hapo hufaa pawe na nafasi ya robo milimita hivi. Petu hapakupenya hata karatasi. Kwa ufunguo wake, tukailegeza skrubu ya shingo robo mzunguko, kinyume cha mshale wa saa, ili nyuzi ziivute shingo mbele. Tukatia sauti tena, tukapima. Robo ya pili ilitosha.

Atakayejaribu asipite robo kwa mara moja, wala asiilazimishe skrubu iliyogoma. Usiku wa arusi gita lilitoa sauti safi.